Kwenda Visiwa vya Ssese kwa fedha kidogo: njia, gharama na pale usipopaswa kubana matumizi

Visiwa vya Ssese ni kundi la visiwa 84 katika eneo la kaskazini-magharibi la Ziwa Victoria. Kwa mkazi wa Kampala mwenye kipato kidogo, hivi ndivyo visiwa anavyoweza kuvifikia bila pasipoti, bila tiketi ya ndege na bila kuingia katika deni. Vinaunda wilaya ya Kalangala, ambayo makao yake makuu yako katika kisiwa cha Bugala, kikubwa kuliko vingine vyote.

Wengi miongoni mwa wasikilizaji wetu wanaozungumza Kiswahili hapa Uganda, wakitaja kisiwa, huwa wanamaanisha Unguja, Pemba au Lamu. Hilo linaeleweka, kwani ndivyo visiwa vya lugha yetu. Lakini kutoka Kampala hadi Mombasa pekee ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, na hapo hujapanda chombo chochote cha majini. Ssese ni nusu siku. Mtu anaweza kuondoka Kampala baada ya kifungua kinywa na kabla ya magharibi akawa amekaa mchangani, anatazama mitumbwi ya wavuvi ikirejea.

Hivi si visiwa vya bahari. Maji yake hayana chumvi, hakuna maji kupwa wala maji kujaa, na minazi ya pwani huioni. Utakachokiona ni msitu mzito, mvua nyingi, michikichi, ndege wa kila rangi na ziwa lililo mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Kwa sababu ya mwinuko huo, usiku una ubaridi ingawa mstari wa ikweta uko jirani kabisa. Beba sweta.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kufika, kulala na kula kwa gharama ndogo. Yanaeleza pia jambo ambalo miongozo mingi ya safari za bei nafuu hulipita haraka, nalo ni kwamba katika Ziwa Victoria kuna mahali ambapo kuokoa shilingi elfu chache kunaweza kugharimu maisha.

Njia ya Nakiwogo

Njia inayofahamika zaidi ni ya feri ya serikali, MV Kalangala, inayoondoka katika gati ya Nakiwogo mjini Entebbe na kutia nanga Lutoboka, katika kisiwa cha Bugala. Safari huchukua takriban saa tatu na nusu. Kwa ratiba ambayo imefuatwa kwa miaka mingi, feri huondoka Nakiwogo saa nane mchana na hufika jioni, kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili. Hulala huko, kisha huondoka Lutoboka saa mbili asubuhi ya siku inayofuata.

Ratiba hiyo ina maana moja muhimu kwa mwenye kupanga bajeti: huwezi kwenda na kurudi siku moja. Gharama ya kulala usiku mmoja ni lazima iwemo katika hesabu yako tangu mwanzo. Na kama unataka walau siku moja kamili ya kutembea kisiwani, panga kulala siku mbili.

Kuhusu saa, Mswahili hapa ana nafuu ambayo mgeni kutoka Ulaya hana. Waganda nao huhesabu saa kama sisi, kwa hiyo mfanyakazi wa gatini akikwambia kwa Kiganda kwamba chombo kinaondoka saa nane, basi ni saa nane. Tangazo la Kiingereza lililobandikwa ukutani litasema saa mbili. Nimewahi kuona familia nzima ikibishana mbele ya dirisha la tiketi kwa sababu hiyo.

Kwa muda mrefu nauli ya MV Kalangala ilikuwa shilingi 10,000 kwa daraja la pili na shilingi 14,000 kwa daraja la kwanza. Nauli hubadilika, hivyo uliza kabla ya kuondoka nyumbani, lakini tofauti ya madaraja hayo mawili haijawahi kuwa kubwa na daraja la pili linatosha kabisa. Hewa safi iko nje kwenye sitaha, si ndani kwenye viti vya daraja la kwanza. Uliza pia kama feri yenyewe inafanya kazi, kwa kuwa imewahi kusimamishwa zaidi ya mara moja kwa ajili ya matengenezo.

Kutoka katikati ya Kampala hadi Entebbe ni kama kilomita 40. Takisi za abiria hupatikana katika maegesho makuu ya mjini. Shuka Kitooro, kisha chukua bodaboda hadi Nakiwogo au tembea kama mzigo wako ni mwepesi. Foleni ya magari katika barabara ya Entebbe haitabiriki. Anayeondoka Kampala saa nne asubuhi atakula chakula cha mchana Nakiwogo kwa utulivu. Anayeondoka saa sita anacheza kamari.

Mwaka mmoja nilicheza kamari hiyo na nikashindwa. Nilifika gatini saa nane na robo na feri ilikuwa tayari imeng'oa nanga, inaonekana kwa mbali. Haukupita muda, kijana mmoja akanijia akiniambia kuna boti ya mbao inayoondoka baadaye, nauli nafuu, na kwamba tutafika kabla ya usiku. Nilikuwa nimekwisha kutoa pochi. Mama mmoja aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga karibu nasi ndiye aliyenizuia. Hakunijua, lakini aliniita mwanawe. “Mwana wange, lala hapa, uende kesho.” Kitanda nilicholalia Kitooro usiku ule kilinigharimu zaidi ya nauli ya feri, na kwa siku kadhaa nilikihesabu kuwa hasara. Siku hizi nakihesabu vingine.

Njia ya Masaka, yenye feri isiyolipiwa

Njia ya pili ni ndefu zaidi kwa barabara lakini sehemu yake ya majini hailipiwi hata shilingi moja. Unasafiri kutoka Kampala hadi Masaka, umbali wa takriban kilomita 130, ukivuka mstari wa ikweta pale Kayabwe. Abiria wengi hushuka Nyendo, kitongoji chenye pilikapilika kabla ya kuingia Masaka yenyewe, na hapo hutafuta gari la kwenda Bukakata, ufukoni mwa ziwa, mwendo wa kilomita 40 hivi.

Bukakata kuna feri zinazovuka hadi Luku, upande wa magharibi wa kisiwa cha Bugala. Huduma hiyo ilianzishwa mwaka 2012 chini ya mpango wa miundombinu wa Kalangala, uliohusisha pia barabara ya kilomita 66 inayotoka Luku kupitia mji wa Kalangala hadi Mulabana. Watu na magari huvuka bila malipo. Safari ni fupi, haifikii saa moja, na feri huenda na kurudi mara kadhaa mchana kutwa. Wenye magari ya mizigo huwa wengi, lakini abiria wa miguu hahitaji kusubiri nafasi ya gari.

Zipo pia gari za abiria zinazotoka Kampala moja kwa moja hadi mji wa Kalangala kwa njia hii, zikipanda feri pamoja na abiria wake. Hilo hukuondolea usumbufu wa kubadilisha magari mara tatu, na kwa mwenye watoto au mzigo ni jambo la kuzingatia.

Je, ipi ni nafuu zaidi? Ukijumlisha nauli ya Kampala hadi Masaka, ya Nyendo hadi Bukakata na ya Luku hadi mji wa Kalangala, feri ya bure haibaki bure tena, na mara nyingi jumla hupita nauli ya njia ya Nakiwogo. Njia hii inakufaa zaidi ukiwa unatoka Masaka, Mbarara au kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ukiwa na gari lako au pikipiki, au ukiwa mtu asiyependa kukaa majini kwa saa tatu. Kwa anayetoka Katwe, Nsambya au Bombo bila gari, Nakiwogo bado ina nafuu. Njia nzuri niliyoipenda binafsi ni kwenda kwa moja na kurudi kwa nyingine, maana mtu huona ziwa na nchi kavu katika safari hiyo hiyo.

Boti za mbao, na mahali pa kutobana pesa

Ipo njia ya tatu. Kutoka mwalo wa Kasenyi, karibu na Entebbe, boti za mbao zenye injini ya kubandikwa nyuma huenda visiwa vingi ambavyo feri haifiki: Bukasa, Bufumira, Bubeke na vinginevyo. Kwa wakazi wa visiwa hivyo boti hizo ndizo basi lao, duka lao na gari lao la wagonjwa. Hakuna haja ya kuzisema vibaya, kwa kuwa bila hizo maelfu ya watu wasingefika popote. Lakini abiria anapaswa kujua anachokipanda.

Tarehe 2 Agosti 2023, boti iliyokuwa ikitoka kijiji cha Lwanabatya wilayani Kalangala kuelekea Kasenyi ilizama na watu 20 wakafariki dunia. Polisi walitaja mzigo kupita kiasi na hali mbaya ya hewa. Boti ilikuwa imesheheni mkaa, vyakula na dagaa pamoja na watu. Miaka mitano kabla yake, tarehe 24 Novemba 2018, boti ya starehe iliyoitwa MV Templar ilizama karibu na ufuko wa Mukono ikiwa na watu wengi kuliko uwezo wake, na zaidi ya 30 walipoteza maisha. Hakukuwa na orodha ya abiria, kwa hiyo waokoaji hawakujua wanatafuta watu wangapi. Miezi miwili tu kabla ya hapo, upande wa Tanzania, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara na kuua zaidi ya watu 200, na wenye umri mkubwa kidogo hawajaisahau MV Bukoba ya Mei 1996.

Mfasiri wa habari huzizoea sentensi fulani. Ile ya boti iliyojaza kupita uwezo wake nimeifasiri mara nyingi mno, na kila mara kinachobadilika ni tarehe, jina la kisiwa na idadi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekuwa likitaja makadirio ya kati ya watu 3,000 na 5,000 wanaofariki kila mwaka katika Ziwa Victoria kwa nchi zote zinazolizunguka.

Sababu mojawapo ni tabia ya ziwa lenyewe. Mchana, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara. Usiku hali hugeuka: upepo wa nchi kavu hukutana juu ya maji yenye uvuguvugu, na dhoruba za radi hujengeka katikati ya ziwa. Kwa hiyo saa za hatari zaidi mara nyingi ni usiku wa manane hadi asubuhi na mapema, saa zile zile ambazo wafanyabiashara hupenda kuondoka ili wawahi soko. Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Uganda hutoa utabiri wa ziwa. Usikilize redioni kabla ya safari, au muulize mkuu wa mwalo.

Ukilazimika kupanda boti ya mbao, panda ya mchana. Vaa jaketi la kuokoa maisha kabla boti haijaondoka, ulifunge kamba zake zote, wala usikubali kulikalia kama mto. Kama majaketi hayatoshi kwa idadi ya watu, boti hiyo si yako. Tazama ukingo wa boti: ukiona maji yanakaribia kuulamba wakati bado imefungwa ufukoni, shuka, hata kama umekwisha kulipa. Hakikisha jina lako limeandikwa mahali, na mtumie mtu wa nyumbani ujumbe wa simu wenye jina la boti, unakoelekea na saa ya kuondoka. Jaketi lako mwenyewe, ukiweza kulinunua na kugawana gharama na ndugu au marafiki wanaosafiri mara kwa mara, litakuwa fedha iliyotumika vizuri kuliko usiku wowote wa hoteli.

Usiku tulivu wa wastani hautoshi kuwa kipimo. Boti ambayo imevuka salama mara mia ndiyo hiyo hiyo inayozama mara ya mia na moja.

Kulala na kula

Pale Lutoboka, ukishuka tu kwenye feri, utakuta hoteli na kambi zimepangana ufukoni. Hapo ndipo fedha nyingi za msafiri huishia. Bei za ufukweni hupanda mwishoni mwa wiki, na zaidi wakati wa Krismasi, Mwaka Mpya na Pasaka, makundi yanapokuja kutoka Kampala na muziki wao. Anayekwenda Jumatatu hadi Alhamisi hukuta vyumba vitupu na wenye navyo wakiwa tayari kuzungumza.

Mwenye fedha kidogo ana chaguo mbili. La kwanza ni kupanda kilima hadi mji wa Kalangala, ambako kuna nyumba za wageni za kawaida zinazotumiwa na madereva, walimu na watumishi wa wilaya wanaokuwa safarini. Hazina mandhari ya ufuko, lakini chumba ni safi kama umekikagua kabla ya kulipa, na ufuko uko umbali wa kushuka kwa miguu. Chaguo la pili ni hema. Baadhi ya kambi za ufukweni huruhusu wageni kupiga hema kwa malipo madogo kuliko chumba, na waliokuja bila hema huweza kukodi. Katika majira ya mvua za Machi hadi Mei, na tena kuanzia Septemba, hema la bei rahisi halitakufaa: visiwa hivi hupata mvua nyingi kuliko Kampala, na mvua ya Ssese haina salamu, huingia tu.

Uliza daima kama bei ni ya chumba au ya mtu, na kama kifungua kinywa kimo. Maswali haya mawili yameokoa fedha nyingi.

Kuhusu chakula, kanuni ni rahisi: kula wanakokula wenyeji. Sato na sangara wa siku hiyo hiyo huuzwa miguuni pa ziwa, na mama lishe wa mjini au wa mwaloni atakupikia kwa matoke, muhogo au wali kwa sehemu ndogo ya bei ya hoteli. Rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, imevuka ziwa kama kila kitu kingine cha Kampala. Kinyume chake, vitu vinavyoletwa kutoka bara, kama soda, maji ya chupa, mkate, sabuni na betri, huwa ghali kidogo kwa sababu ya usafiri. Nunua hivyo Entebbe au Nyendo. Wasikilizaji Waislamu wanaotaka uhakika wa nyama halali watapata wepesi kwa kushikamana na samaki, na hapa samaki si adhabu.

Beba fedha taslimu za kutosha siku zako zote na akiba ya siku moja zaidi, ikiwa feri itachelewa au hali ya hewa itachafuka. Mawakala wa pesa za simu wapo Kalangala, lakini katika visiwa vidogo wakala anaweza kuishiwa fedha kabla ya adhuhuri, na kila unapotoa fedha kwa simu serikali hukata kodi ya asilimia 0.5 juu ya ada ya kampuni.

Lugha kuu ya visiwani ni Kiganda. Kiswahili husikika mialoni, ambako wavuvi wametoka pande nyingi, lakini usianze nacho kana kwamba ni haki yako. Salimia kwanza kwa Kiganda, hata kama unajua maneno mawili tu, mwite mwanamume “ssebo” na mwanamke “nnyabo”, uliza “ssente mmeka?” ukitaka bei, kisha Kiswahili kitafuata chenyewe. Nimeona bei ikishuka kwa salamu tu.

Yaliyopo bila kiingilio

Visiwa vya Ssese si hifadhi ya taifa, kwa hiyo hakuna lango la kulipia kama yale ya mbuga. Kutembea ni bure. Njia zinazopita kando ya misitu ya Bugala zina tumbili, vipepeo na hondohondo wakubwa wanaopiga kelele juu ya miti. Ukifika upande wa mashamba ya michikichi, uliopandwa tangu katikati ya miaka ya 2000, utaona sura nyingine ya kisiwa: safu ndefu zilizonyooka mahali palipokuwa na msitu. Baadhi ya wenyeji watakueleza jinsi zao hilo lilivyowajengea nyumba na kuwasomesha watoto, wengine watakueleza kilichopotea. Wasikilize wote.

Historia nayo haina kiingilio. Katika imani za jadi za Buganda, Ssese ni nyumbani kwa Mukasa, mwenye ziwa, na hekalu lake kuu lilikuwa kisiwani Bubembe. Waundaji wa mitumbwi wa Ssese walijulikana kote ziwani kwa mitumbwi mikubwa ya mbao zilizoshonwa kwa kamba za mimea, iliyobeba majeshi ya Kabaka katika karne ya 19. Maeneo ya ibada bado yanaheshimiwa. Usiyakaribie bila mwenyeji wala kupiga picha bila ruhusa.

Kisha ikaja malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huo, unaoenezwa na mbung'o, uliua zaidi ya watu 200,000 katika Buganda na Busoga. Mwaka 1906 daktari Mjerumani Robert Koch alipiga kambi kisiwani Bugala na kuwatibu wagonjwa kwa dawa ya atoksili, yenye asili ya sumu ya aseniki. Baadhi yao walipofuka, na hawakuona tena. Muda mfupi baadaye serikali ya kikoloni iliwahamisha wakazi wote wa visiwa hivi kwa amri, na hawakuanza kuruhusiwa kurejea hadi karibu mwaka 1920. Ndiyo sababu familia nyingi za Ssese leo zina nusu ya ukoo bara, na ndiyo sababu msitu ulifunika vijiji vya zamani. Mzee yeyote wa Kalangala mwenye muda atakusimulia alivyoyasikia kwa babu yake, na hilo huwezi kulilipia hata ungetaka.

Kisiwa cha Ngamba, chenye sokwe waliookolewa, kinatajwa mara nyingi pamoja na Ssese lakini si cha bajeti hii. Kiko karibu na Entebbe na huendewa kwa boti maalumu yenye bei ya watalii.

Kuogelea, mbu na kichocho

Hapa tena hakuna kubana. Ziwa Victoria lina kichocho, ugonjwa unaosababishwa na minyoo wanaoishi kwanza ndani ya konokono wa maji, kisha hupenya ngozi ya mtu aliye majini. Huhitaji kunywa maji wala kuwa na jeraha. Hatari ni kubwa zaidi kwenye maji ya kina kifupi, yaliyotulia, yenye matete, na karibu na mialo wanakooga na kufua watu wengi. Fuko za mchanga mtupu zenye mawimbi zina hatari ndogo, lakini haziko salama kabisa, hata mwenye hoteli akikuapia. Kujikausha kwa taulo upesi baada ya kutoka majini husaidia kidogo tu.

Aliyeogelea apime wiki sita hadi nane baada ya safari, hata kama hajisikii vibaya. Tiba ni dawa ya prazikwanteli, inayotolewa kwa kipimo cha uzito wa mwili, na hupatikana katika vituo vya afya. Kichocho kisichotibiwa huharibu ini au kibofu polepole kwa miaka.

Malaria ipo visiwani kama ilivyo kote Uganda. Kagua chandarua cha nyumba ya wageni kabla ya kulipa. Kikiwa na matundu, omba kingine, au beba chako, maana hakina uzito. Katika sehemu zenye matete na kwenye midomo ya vijito uliza kuhusu mamba na viboko, na mvuvi akikwambia usiingie, usiingie.

Kurudi

Raia wabebe kitambulisho cha taifa, na wakimbizi wabebe kitambulisho kinachotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Huulizwa wakati wa kuandikisha jina kwenye orodha ya abiria, na hiyo ni orodha ya kufurahia kuwemo.

Ukirudi kwa MV Kalangala, ulizia tiketi jioni ya siku iliyotangulia na uwe gatini Lutoboka saa moja asubuhi, hasa Jumapili na Jumatatu ambapo walimaliza mapumziko huondoka kwa pamoja. Kukiwa na mawimbi, keti katikati ya feri, upande wa chini, usile mafuta asubuhi hiyo. Utakuwa Nakiwogo kabla ya saa sita mchana, na takisi za Kitooro kwenda Kampala wakati huo hazijaanza foleni ya jioni.